Kidokezo cha kompyuta: nani anakifungua, nani anakifunga?



Wengi kati yenu mumeisha kujaza fomu kwa njia ya intaneti, ao mutajaza siku moja: fomu ya kuandikishwa chuo kikuu, fomu ya kuomba masomo ya kulipiwa, fomu ya kazi. Leo tunapenda kueleza kitu kidogo chenye kukaa pembeni ya fomu hizo. Ni kidogo kabisa, lakini kilimupotezea mdogo wangu mwaka muzima.

Alikuwa anajaza fomu ya kuomba masomo ya kulipiwa katika inchi ya ngambo. Alijaza juu ya telefone, sababu nyumbani hatuna kompyuta. Fasi ya tarehe ya kuzaliwa, kando yake kulikuwa alama ya kuuliza ndani ya kiduara. Akaigusa. Hakuna kitu. Akaigusa tena.

– Yaya, hii alama inafanya kazi gani?

– Sijui. Labda ni mapambo tu. Endelea, mudogo wangu.

Yeye alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 9, basi akaandika 04/09 na mwaka, vile tunaandika sisi wote hapa. Kisha siku nyingi akapata jibu: tarehe yake hailingani na ile ya karatasi ya kuzaliwa, fomu imekataliwa. Tukaenda pa cyber, tukafungua ukurasa ule ule juu ya kompyuta kubwa. Mimi nikapitisha panya (ile kifaa Wafaransa wanaita souris) juu ya ile alama, bila kufinya. Mara moja kibao kidogo cheusi kikatokea na maneno haya: andika mwezi kwanza, kisha siku. Watu wa inchi ile wanaanza na mwezi. Mashini yao ilisoma 04/09 kama tarehe 9 ya mwezi wa 4. Tulipoona kosa, siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa imepita.

Basi onyo lilikuwako. Liliandikwa muzuri kabisa. Lakini mwenye telefone hakuwa na njia yoyote ya kuliona. Tangu siku ile nilianza kujifunza namna gani vibao vile vinatengenezwa, na hapa nitaeleza yale nimefahamu. Wale wenye kufuata masomo ya programu watajaribu wao wenyewe. Wengine wasome tu, musiogope maandishi ya kompyuta yenye kuwa katikati.

Kibao kile Wafaransa wanakiita infobulle, ni kusema povu la habari. Sisi tutasema kidokezo. Ni maneno machache yenye kufichwa karibu na kifungo ao picha, yanatokea mtu akikaribia na yanapotea akiondoka. Wazo si la jana. Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa programu yake ya System 7, na ndani yake kulikuwa msaada wa namna hiyo: ukiuwasha, kila kitu panya inapita juu yake kinatoa puto lenye maelezo, kama mazungumzo ya watu katika bande dessinée. Ukizungusha mkono kidogo tu, maputo yanafunguka na kufunga kila fasi. Walio nayo wengi walichoka upesi. Kwa hiyo swali letu liko la zamani: si kufungua kidokezo tu, ni kujua wakati gani wa kukifungua na wakati gani wa kukifunga.

Kwa kurasa za intaneti, kuna njia ya wavivu. Lugha ya kuandikia kurasa, HTML, toleo lake la 4 la mwaka 1997, iliruhusu karibu kila kitu cha ukurasa kibebe neno title. Unaandika title="Mwezi kwanza, kisha siku" na umemaliza. Chrome ao Firefox inafanya kazi yenyewe. Lakini tazama: hapo wewe huna mamlaka yoyote. Huwezi kusema kifunguke kisha muda gani. Huwezi kuchagua rangi wala ukubwa wa herufi. Mwenye kutembea kwa klaviye bila panya, mara nyingi hakioni. Mwenye telefone hakioni kabisa, sababu kidole hakipiti juu ya kioo kama panya. Kidole kinagusa ao hakigusi, hakuna katikati. Nafikiri ile fomu ya mdogo wangu ilitengenezwa paka vile.

Kwa hiyo wenye kutengeneza kurasa wanapenda kushika kidokezo kwa mikono yao wenyewe, kwa kuandika programu. Lugha yake ni JavaScript, ile Brendan Eich alitunga mwaka 1995. Maandishi hayo Wafaransa wanayaita code (musisikie kodi, hapa hakuna mtu wa kulipa serikali).

Kwanza tunaandika vitu viwili katika ukurasa: kifungo na kidokezo chake.

    <button type="button" id="kifungo"
      aria-describedby="kidokezo">?</button>
    <span id="kidokezo" role="tooltip" hidden>
      Andika mwezi kwanza, kisha siku</span>

Neno hidden maana yake kimefichwa. (Kama karatasi yako ya mapambo, ile CSS, inampa kidokezo amri ya display, hidden itashindwa na kidokezo kitabaki wazi. Mimi nilitafuta kosa hilo mchana muzima.) Na ile aria-describedby ni ya kufunga kamba kati ya hivi viwili. Kipofu anatumia programu yenye kumusomea ukurasa kwa sauti. Programu hiyo ikifika juu ya kifungo inafuata kamba na kusoma maneno ya kidokezo, hata kama bado kimefichwa machoni. Bila kamba hiyo, yeye atasikia tu «alama ya kuuliza, kifungo», na atabaki kama mdogo wangu alivyobaki.

Kisha tunaandika kazi tatu:

    const kifungo = document.getElementById("kifungo");
    const kidokezo = document.getElementById("kidokezo");
    let saa;

    function fungua() {
      clearTimeout(saa);
      kidokezo.hidden = false;
    }
    function funga() {
      clearTimeout(saa);
      kidokezo.hidden = true;
    }
    function ngoja(kazi, muda) {
      clearTimeout(saa);
      saa = setTimeout(kazi, muda);
    }

Hapa ndipo moyo wa habari yote. Mufikiri nyumba yenye mlango mmoja na mlinzi mmoja. Watu mbalimbali wanaweza kuomba mlango ufunguliwe, lakini hakuna anayeugusa yeye mwenyewe. Wote wanapita kwa mlinzi. Vilevile katika programu: panya, klaviye na kidole wote wanaomba, lakini ni fungua na funga tu ndizo zinabadilisha kidokezo. Nimeona programu za wanafunzi wenzangu, kila fasi mtu anaandika hidden = true, hidden = false, mara kumi na mbili katika ukurasa mmoja. Siku kidokezo kinapokataa kufunga, hakuna anayejua nani amekiacha wazi.

Sasa ile saa. Juu ya nini kungoja? Kwa sababu mkono wa mtu unapita juu ya vifungo vingi bila kutaka kitu, kama vile mwanafunzi anapita mbele ya milango ya madarasa akienda kuteka maji. Si kila mlango anataka kuingia. Tukifungua mara moja, tunarudia yale maputo ya mwaka 1991. Basi tunangoja kidogo, tuseme milisegonde 400, ni kusema karibu nusu ya segonde. Mtu akibaki pale, tunajua anataka kusoma.

Lakini saa inaleta kosa lake, na kosa hili karibu kila mwanafunzi analifanya. Panya inaingia juu ya kifungo: saa inaanza kuhesabu 400. Kwa 200, panya imeisha kutoka. Programu inasema funga. Lakini hakuna kitu cha kufunga, kidokezo hakijafunguka bado! Saa yenyewe haijui kama panya imeenda; inaendelea kuhesabu, inafika 400, inafungua. Sasa kidokezo kiko wazi peke yake, panya iko mbali, na hakuna tukio tena la kukifunga. Kinabaki pale, kinafunika maandishi ya ukurasa, mtu anakasirika. Ni kama ulimwambia mdogo wako: nikija saa kumi ufungue mlango, kisha ukabadili safari bila kumuarifu. Saa kumi atafungua, hata kama wewe hauko.

Kwa hiyo muone kwamba kila kazi kati ya zile tatu inaanza na clearTimeout(saa). Maana yake: kabla ya kutoa agizo jipya, futa agizo la zamani. Mstari mmoja tu. Mukiusahau fasi moja, kosa litarudi. Tena halitarudi kila mara, litarudi tu kwa wenye mkono wa mbio, na wewe mwenye kutembeza panya polepole hutaliona.

Tufunge sasa hawa waombaji kwa mlinzi wetu:

    kifungo.addEventListener("mouseenter",
      () => ngoja(fungua, 400));
    kifungo.addEventListener("mouseleave",
      () => ngoja(funga, 300));
    kidokezo.addEventListener("mouseenter", fungua);
    kidokezo.addEventListener("mouseleave",
      () => ngoja(funga, 300));
    kifungo.addEventListener("focus", fungua);
    kifungo.addEventListener("blur", funga);
    kifungo.addEventListener("click", fungua);

Neno mouseenter ni panya kuingia, mouseleave ni panya kutoka. Munaona kwamba kidokezo chenyewe nacho kinasikiliza panya. Juu ya nini? Kuna watu wenye macho dhaifu, wanakuza kioo mara nne, mara tano. Kidokezo kikitokea, nusu yake inakuwa inje ya kioo. Wanapaswa kusogeza panya kuelekea kidokezo kusudi waone maneno yote. Kama kinafunga mara tu panya inaacha kifungo, hawatamaliza kusoma hata siku moja. Zile 300 ni muda wa kuvuka kutoka kifungo hadi kidokezo, kama muda wa kuvuka barabara.

Neno focus ni wakati klaviye inasimama juu ya kifungo. Mtu anafinya Tab, inaruka kutoka fasi moja hadi ingine; ikifika juu ya kifungo chetu kidokezo kinafunguka bila kungoja, sababu mwenye klaviye hapiti kwa bahati mbaya kama panya. Ikiondoka, ni blur, kinafunga.

Juu ya click nataka kuongeza neno. Mara ya kwanza niliandika kwamba kufinya kunageuza: kama kimefungwa kifunguke, kama kiko wazi kifunge. Nilijiona mwenye akili. Lakini unapofinya kifungo kwa panya, mara nyingi focus inakuja kwanza na kufungua. Kisha click inafika, inakuta kiko wazi, inakifunga. Kufinya mara moja kunafungua na kufunga kwa upesi hata jicho halioni kitu. Nikafikiri programu haifanyi kazi, na kumbe ilifanya kazi mara mbili. Kwa hiyo hapa click inafungua tu. Kufunga tunampa mwingine:

    document.addEventListener("keydown", e => {
      if (e.key === "Escape") funga();
    });
    document.addEventListener("pointerdown", e => {
      if (!kifungo.contains(e.target) &&
          !kidokezo.contains(e.target)) funga();
    });

Ya kwanza: mtu akifinya Escape, kidokezo kinafunga hata kama panya haijatoka. Ya pili ni ya telefone: mtu akigusa fasi ingine yoyote, kinafunga. Kuna telefone ambazo kifungo hakipati focus kikiguswa, basi blur haitakuja kamwe. Bila mistari hii kidokezo kingebaki wazi bule.

Mambo haya si mapenzi yangu mimi. Chama chenye kutunga sheria za kurasa za intaneti, W3C, kilianzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Mwezi wa 6 mwaka 2018 kilitoa kanuni zinaitwa WCAG 2.1, juu ya watu wenye ulemavu. Kanuni yake ya 1.4.13 inahusu maneno yenye kutokea panya ikipita ao klaviye ikisimama. Inaomba mambo matatu: mtu aweze kuyafunga bila kuondoa panya wala kuhamisha klaviye; panya iweze kuingia juu ya maneno yenyewe bila yapotee; na yabaki wazi hadi mtu aondoke, ao ayafunge mwenyewe, ao habari yake isiwe na maana tena. Kwa hiyo wale wanaoandika kwamba kidokezo kijifunge chenyewe kisha segonde mbili wanavunja kanuni. Si wote tunasoma kwa mbio moja.

Programu yangu hapa juu iko na kilema kimoja, ninakubali. Kama klaviye imesimama juu ya kifungo, na panya inapita kisha inatoka, kidokezo kitafunga, hata kama klaviye bado iko pale. Kwa haki kingepaswa kufunga tu wakati wote wawili wameondoka. Mwenye kupenda ajaribu kusahihisha, document.activeElement itamwambia klaviye imesimama wapi.

Wale wenye kazi kubwa hawaandiki yote haya kila siku. Wanatumia vipande vyenye kutengenezwa tayari, kwa mfano vya Material UI, vyenye kufanya kazi na React, ambayo kampuni ya Facebook ilitoa mwaka 2013. Kule kuna kidokezo tayari, jina lake Tooltip. Ukikiacha, kinajiongoza chenyewe. Lakini ukitaka kukishika, unakipa open, ni kusema wewe ndiye unasema kiko wazi ao kimefungwa. Hapo watu wengi wanaanguka. Wanaandika open kuwa kweli, kisha wanashangaa kwamba hakifungi tena, panya itoke, Escape ifinywe, hakuna. Ndugu, umechukua ufunguo mfukoni mwako! Sasa kidokezo kinaweza tu kukuarifu, kwa onOpen na onClose, kwamba mtu anaomba. Kama wewe husikilizi na kubadilisha open, mlango utabaki vile. Ni yule mlinzi wetu mmoja tena, lakini sasa mlinzi ni wewe.

Mtego mwingine wa pale pale: kifungo kilichozimwa, chenye disabled. Kifungo kama hicho hakisikilizi matukio, basi kidokezo chake hakitokei. Na ni hapo mtu anakihitaji zaidi: anataka kujua kwa nini kimezimwa! Dawa yao ni kuzungusha kifungo na span, na kumpa huyo span kazi ya kusikiliza panya. Ni dawa nusu tu, sababu span hapokei klaviye mpaka umwekee tabindex. Mimi naona heri kuandika sababu karibu na kifungo, wazi, kila mtu asome.

Na hapa narudi kwa ile tarehe. Hata kama wangefuata kila mstari nilioandika, naona ile habari haikupaswa kuwa kidokezo. Kidokezo ni kwa kitu ambacho mtu anaweza kukosa bila hasara: jina la kifungo chenye picha tu, maana ya kifupisho, njia fupi ya klaviye. Lakini maneno ambayo mtu akiyakosa anaandika uongo bila kujua, fasi yake ni juu ya karatasi, chini ya tarehe, kwa herufi za kuonekana. Ao waweke fasi tatu tofauti, zenye kuandikwa Siku, Mwezi, Mwaka, na ubishi umekwisha.

Mwenye kutengeneza ukurasa na kutaka kuupima, afanye hivi. Aondoe panya ya kompyuta, aiweke katika droo. Afinye Tab tangu juu hadi chini na kuangalia kama vidokezo vyote vinafunguka, na kama Escape inavifunga. Kisha akuze kioo kwa Ctrl na alama ya + mpaka 400 kwa mia, arudishe panya, ajaribu kufikia maneno ya mwisho ya kila kidokezo. Kisha amupe telefone mtu ambaye hajaona ukurasa ule hata siku moja, akae kimya kando yake, asimwambie kitu, na atazame kidole chake kinagusa wapi.

Mdogo wangu ameisha kutuma fomu ingine mwaka huu. Ile ilikuwa na fasi tatu.